Ukiacha njia mlimani: jibu kwa mwalimu wa Masasi

Swali: Sisi ni walimu na majirani 14 wa hapa Masasi. Tumezoea kupanda mlima Mtandi kila Jumamosi, na mwaka huu tumechangishana tukapande Kilimanjaro mwezi Juni kwa njia ya Marangu. Kampuni itakayotupandisha imetutumia masharti: tusitoke njiani hata penye tope, tusitupe hata ganda la chungwa, tusizike haja, tusipange mawe. Huku kwetu njia ya shambani ukiiacha msimu mmoja tu, imeshamezwa na majani. Je, masharti haya yana maana, au ni mbwembwe za watalii? Tufanye nini hasa? Halafu wenzangu wanataka kubeba jiwe la Mtandi wakaliache kileleni. Kuna ubaya?

Jibu: Mwalimu, masharti yana maana, na sababu yake umeitaja mwenyewe bila kujua. Njia ya shambani Masasi humezwa kwa msimu mmoja kwa sababu joto lipo mwaka mzima, mvua ikija inakuta udongo wenye kina, na mbegu zimejaa humo ardhini zikiisubiri. Panda hadi mita 4,000, vyote vitatu vimekuaga. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Udongo ni majivu ya volkano na changarawe, mahali pengine wa kina cha kiganja tu juu ya mwamba. Mbegu ni chache, na nyingi ya zinazochipua haziumalizi mwaka wa kwanza.

Nchi za kaskazini eneo la namna hii huitwa tundra: ardhi iliyo juu ya mstari wa mwisho wa miti, ambako mimea hujikunyata chini kukwepa upepo. Kilimanjaro haina miezi mirefu ya theluji kama milima ya Colorado, Marekani, na kanda zake zina majina yao: juu ya msitu kuna vichaka vya Erica na nyasi za mashuke, kisha kuanzia kama mita 4,000 linakuja jangwa la baridi. Ila kwa mguu wa mtu tabia ni ileile, na kwa upande mmoja hapa ni pabaya zaidi. Kule ardhi huganda hasa majira ya baridi na kuyeyuka majira ya joto. Huku juu huganda usiku na kuyeyuka mchana, karibu kila siku inayopambazuka.

Hilo la kuganda ndilo kiini cha jibu langu, kwa hiyo nitakaa nalo kidogo.

Siku ya kulala Horombo, kituo cha pili cha njia ya Marangu, mita 3,720, amka mapema kabla jua halijafika kibandani, chuchumaa kando ya njia uangalie udongo ulio wazi. Kama usiku ulikuwa mkavu na anga jeupe, utaona vitu kama sindano za kioo zimesimama wima, zimebanana, urefu wa sentimita moja hadi kadhaa, na juu ya kila kichwa cha sindano pamekaa chembe ya udongo au kijiwe. Ni maji ya ardhini yaliyovutwa juu na baridi yakaganda yakiwa njiani. Yanapoganda huinua tabaka zima la juu. Jua likipiga, sindano zinaanguka na udongo unaporomoka hovyo. Sasa mche wenye mizizi ya sentimita mbili, unaoinuliwa hivyo usiku na kuangushwa mchana, utashikaje? Unang'olewa taratibu mpaka unalala juu ya udongo na kukauka.

Penye majani, sindano hizo hazitokei au zinakuwa hafifu, maana majani ni blanketi la ardhi. Kwa hiyo pakikanyagwa hadi pakawa wazi, hapafanani na shamba lililofyekwa likisubiri mvua. Pamegeuka mahali panapojifyeka penyewe kila usiku, na ndiyo maana hapajifuniki. Kisha mvua za masika zinaushusha ule udongo uliolegea na kuchimba mfereji, mfereji unakausha majani ya pembeni, na jeraha linapanuka lenyewe hata kama hakuna mtu aliyerudi kukanyaga.

Kama mnataka ushahidi wa miaka, upo wa Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1950 mtafiti wa mimea Beatrice Willard alizungushia uzio vipande vya tundra vilivyokanyagwa na wageni katika hifadhi ya Rocky Mountain, Colorado, na ufuatiliaji wake uliendelea kwa zaidi ya miaka 40. Muda wote huo haukutosha palipokanyagwa sana kurudi kufanana na jirani yake ambaye hakuguswa. Kwa watu wa kusini mfano ulio karibu ni mpingo, ambao huhitaji kama miaka 70 na zaidi kufikia unene wa kuvunwa. Au matumbawe ya Msimbati: yale ya mviringo huongezeka karibu sentimita moja kwa mwaka, na mtu anayechokoa pweza maji ya bamvua anajua kishindo kimoja cha kisigino kinavunja kiasi gani.

Njia ni kafara

Sasa twende kwenye miguu. Ichukulie njia kama sehemu ambayo mlima umeshaitoa kafara. Imeshakufa, na haiumii zaidi mkipita watu 14 au 140. Hesabu yenu, kwa njia, si 14. Mkijumlisha viongozi, mpishi na wapagazi, ambao mara nyingi ni wawili au watatu kwa kila mgeni, msafara wenu unakaribia watu 50, na Marangu mnapanda na kushuka njia hiyohiyo. Kazi yenu ni kuhakikisha miguu hiyo yote inakanyaga palepale palipokwishakufa.

Kinachoshinda wengi ni tope. Kati ya Mandara, kituo cha kwanza, na Horombo kuna sehemu ambazo baada ya mvua maji hutuama katikati ya njia. Mtu wa kwanza anakwepa kwa kukanyaga ukingo wenye nyasi. Wa kumi anakuta ukingo nao umekuwa tope, anasogea nusu hatua nje. Kwa mtindo huo njia ya mita moja inakuwa ya mita nne, au inagawanyika kuwa vijia vitatu sambamba na visiwa vya nyasi katikati, navyo visiwa hufa kwa kukaukiwa. Piteni katikati ya tope. Kila mmoja awe na buti lililofunika kifundo cha mguu, lisilopitisha maji, na kile kitambaa kigumu cha kufunga kutoka kwenye buti hadi chini ya goti ambacho wapandaji huita geita. Mwenye geita haogopi tope. Asiyeogopa tope hatanui njia. Kama kuna pesa ya kitu kimoja tu cha ziada, iende huko kabla ya miwani ya bei mbaya.

Tembeeni mstari mmoja, si wawili wawili mkipiga soga. Nafasi ya hatua mbili hadi tatu kati ya mtu na mtu inatosha kuona unapokanyaga. Ile "pole pole" ya viongozi inasaidia mapafu, lakini inasaidia na nyasi: mwenda pole hajikwai, na asiyejikwaa hatupi mguu pembeni.

Kupishana ndiko kunakoharibu kimyakimya. Mpagazi akija na mzigo kichwani, yeye ndiye mwenye njia. Mzigo wake unaruhusiwa hadi kilo 20, na kumsimamisha au kumsukuma pembeni ni kumtesa na kumkanyagisha majani. Ninyi ndio mnaopisha, ila kwa utaratibu huu: msisogee pale mlipo. Angalia mbele mita kumi au ishirini, tafuta jiwe kubwa au kipara cha changarawe kilichopo tayari, nenda hapo, simama upande wa mlima na si wa bonde, mguu wote juu ya jiwe, tulia mpaka msafara upite. Kiongozi wa mstari aseme "jiwe!" na wote wajue. Watu 14 wakirukia nyasi kila wanapopishana, mara thelathini kwa siku, hiyo ni zaidi ya mikanyago 400 kabla ya chakula cha jioni.

Kuna kanuni nyingine mtaisikia kutoka kwa watu waliotembea tundra za kaskazini, kwamba pasipo na njia watu watawanyike, kila mtu apite pake, ili uzito usirundikane mahali pamoja. Ni kweli kwa huko, pasipo na njia kabisa. Msiihamishie Kilimanjaro, ambako njia ipo na kutoka nje yake hakuruhusiwi.

Miti ya Horombo, na mawe ya juu yake

Karibu na Horombo, mabondeni penye unyevu, mtakutana na ile miti ya ajabu yenye shina nene na kichwa cha majani kama kabichi kubwa, Dendrosenecio kilimanjari. Kila mtu atataka picha. Tazama shina: limevaa koti la majani yaliyokufa, makavu, ya kahawia. Usiyabandue na usiegemee. Koti hilo huzuia shina lisigande usiku, ili asubuhi maji yaweze kupanda hadi kwenye majani yaliyo hai. Ukimvua nguo mti huu unaufungulia baridi. Piga picha ukiwa njiani. Mti una urefu wa mita kadhaa, unaonekana tu. Jirani yake Lobelia deckenii hukusanya maji katikati ya majani yake, na usiku uso wa maji hayo huganda ukalikinga chipukizi lililo ndani. Watu huingiza kidole kuvunja kibarafu waone kilichomo chini. Tafadhali, msiingize.

Mkivuka Horombo kuelekea kituo cha Kibo mnaingia kwenye tambarare kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi. Hapo panaonekana hakuna kitu, na ndipo watu hulegea. Angalia mawe kwa karibu, utaona mabaka ya kijivu, kijani na rangi ya chungwa. Ni kuvu na mwani walioungana kuishi kama kiumbe kimoja, na mengi hukua chini ya milimita moja kwa mwaka. Baka la ukubwa wa kiganja linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko babu yako. Kukagua hili si lazima kusubiri Juni. Jumamosi hii mkipanda Mtandi, linganisheni mwamba wa pale mnapopita siku zote na wa hatua mbili pembeni. Penye miguu mwamba umesuguliwa, umebaki mtupu.

Kupanga mawe kuwa minara kunadhuru kwa sababu hiyohiyo, na moja zaidi: upande wa jiwe usio na upepo ndio chumba cha kulala cha mdudu, buibui na mche mdogo. Ukiliinua, umewatoa uchi kwenye upepo. Kuandika majina kwenye mawe sitalisemea.

Siku ya kushuka kutoka kileleni kuna kokoto laini juu ya kituo cha Kibo, na vijana hupenda kuziteremka kwa kuteleza, kisigino mbele. Raha ipo, magoti yanapona. Ila kila mmoja huburuta udongo kushuka, na mkondo ukishafunguka unapanuka. Fuateni mkondo anaoutumia kiongozi, msifungue wenu. Kama mna fimbo za kutembelea, vaeni mpira kwenye ncha mnapopita njia ngumu. Chuma kitupu kinachimba kingo za njia vishimo, na maji yanaanzia hapo.

Choo, chakula na takataka

Porini kwetu tumefundishwa kuchimba shimo la sentimita 15 hadi 20 na kufukia. Ushauri huo ni mzuri kwa msitu wa Rondo, ambako joto na wadudu humaliza kazi upesi. Juu ya mstari wa miti bakteria wanalala kwa baridi. Ulichofukia kinakaa, sindano za barafu zinakiinua, mvua inakiosha hadi kwenye kijito ambacho mpishi anachota maji. Tumieni vyoo vya vituoni: kabla ya kuondoka kila asubuhi wote waende, hata asiyejisikia. Mkibanwa njiani kwa haja ndogo, ni kwenye changarawe au mwamba, si juu ya majani, na angalau mita 60 kutoka kwenye maji, yaani kama hatua 80 za mtu mzima.

Karatasi za chooni na taulo za kike hazibaki mlimani. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchi nzima tangu 1 Juni 2019, kwa hiyo chukueni kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko unaobana, weka vijiko viwili vya majivu ya jikoni chini kupunguza harufu, funga gazeti ndani ya gazeti. Kila mtu na kopo lake. Kina mama wa kundi walijue hili wakiwa bado Masasi, maana kule juu ni vigumu kuanza kuelezana.

Chakula: korosho zenu ni chakula bora cha mlimani kuliko biskuti nyingi zinazouzwa Moshi, nyepesi na zenye mafuta ya kutosha. Zimenyeni na kuzikaanga nyumbani, zipimeni gramu 50 hadi 80 kwa mtu kwa siku, mzipakie kwenye vyombo vigumu vya kurudisha. Ganda la chungwa na la ndizi linashuka nanyi. Watu husema "litaoza." Litaoza Masasi. Pale litakauka na kukaa miezi mingi, na kabla ya hapo litaita panya wenye mistari na kunguru wakubwa wa shingo nyeupe, ambao tayari wameshajua vibanda ni hoteli. Wakizoea mabaki, wanaongezeka kuliko mlima unavyoweza kuwalisha. Chupa za maji za kutupa acheni mjini. Kila mtu awe na chupa ngumu zenye jumla ya lita 3, za kujaza tena.

Moto hauwashwi, na sigara haitupwi. Vichaka vya Erica vina mafuta na hushika upesi wakati wa kiangazi. Moto wa Oktoba 2020 uliteketeza eneo kubwa la ukanda huo, kwenye upande huohuo wa Marangu. Hasara haiishii kwenye majani. Miti ya Erica hukamua maji kutoka kwenye ukungu, tone kwa tone, na maji hayo ni sehemu ya yale yanayoshuka kwa watu wa chini.

Kabla hamjapanda basi

Sugueni viatu. Pale mlimani kuna jani dogo la asili ya Ulaya, Poa annua, ambalo limepanda kandokando ya njia na vituo likifuata miguu ya watu hadi juu ya msitu. Ninyi mtatoka Masasi mna kishonanguo kwenye soksi, udongo kwenye meno ya buti, na mbegu za nyasi kwenye mifuko ya suruali. Siku mbili kabla ya safari: toa kamba za viatu, chokoa udongo kwa kijiti, sugua kwa brashi na sabuni, anika juani mpaka pakauke kabisa, pindua mifuko ya nguo na ya begi nje-ndani. Inachukua nusu saa kwa mtu. Mkirudi fanyeni tena.

Tarehe pia ina uzito. Kusini tuna msimu mmoja wa mvua, Kilimanjaro ina miwili: masika, Machi hadi Mei, na vuli, kuanzia Novemba. Mwanzoni mwa Juni njia za juu bado zinaweza kuwa zimelowa kwa masika yaliyochelewa, na udongo uliolowa ndio unaokatika upesi. Kama likizo inaruhusu, sogezeni kwenye nusu ya pili ya mwezi.

Na mazoezi mnayo mlangoni. Mtandi haitawazoesha hewa nyepesi, wala Newala na Rondo, maana zote hazifiki hata mita 1,000. Lakini mstari mmoja, kupisha kwa neno "jiwe!", kukanyaga penye mwamba na kubeba taka kurudi nazo, vyote hivyo vinafundishika hapo. Jumamosi nne zinatosha viwe mazoea, maana mtu aliyechoka mita 4,500 hafikirii, anafanya alichozoea.

Mkiongea na kampuni tena kabla ya kumalizia malipo, ulizeni vitu viwili: wapagazi wanapikia nini, na taka zote zinashushwa na nani. Jibu la kwanza liwe gesi. La pili liwe mtu mmoja mwenye jina, si "wote kwa pamoja."

Kuhusu jiwe. Linabeba udongo, mbegu na mabaka yake ya Mtandi, na linakwenda mahali ambapo mawe hayaongezwi wala hayaondolewi. Lipigeni picha, mkapige picha nyingine mkiwa na karatasi iliyoandikwa "Masasi" kwenye bango la kilele, mita 5,895, kisha karatasi irudi mfukoni. Jiwe lenyewe mkalikute Mtandi.